Baga za maharage na uyoga nyumbani: mwongozo kamili, hasa kwa wale ambao zao huwa zinasambaratika kwenye kikaango

Kama umeshajaribu baga ya maharage ikakushinda, asilimia kubwa tatizo lilikuwa maji. Sio viungo wala sio mkono wa mpishi, ni maji tu. Maharage ya kuchemsha yamejaa maji, uyoga ndo usiseme, kitunguu hivo hivo, alafu mtu anatupia vyote kwenye blenda anasaga, akiona pamekuwa laini sana anaongeza unga wa ngano, pakigoma anaongeza tena, mwishowe anakaanga kitu nje kimeungua ndani kibichi na kikiingia mdomoni kinaganda kwenye fizi. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni ya kutoa maji kabla hujachanganya chochote, mengine ni mapambo.

Tuelewane kwanza. Hatutengenezi nyama ya bandia. Zile baga za Marekani, Impossible na Beyond, zilizoanza kuuzwa 2016, ni kazi ya kiwandani kabisa. Impossible wanaweka protini yenye hemu (kiini chenye madini ya chuma), ile ile ya kwenye vinundu vya mizizi ya soya ila wao wanaizalisha kwa hamira maalum, ndo inaleta rangi na harufu ya nyama, na zote mbili zimewahi kutengenezwa na methiliselulosi, aina ya gundi ambayo ikipata moto inakaza badala ya kulainika. Jikoni kwetu hiyo hamna. Tulichonacho ni unga wa dengu, huu huu wa bajia, ambao nao ukiiva unashika, ndo maana nautumia mimi na sio ngano. Ngano inavuta, inakuwa kama umechanganya maharage na ubwabwa wa jana.

Wanaokula hizi wapo wengi kuliko watu wanavyodhani. Wasabato wengi wasiogusa nyama, Wahindu wa Upanga na Kisutu pale Dar, Wakatoliki Ijumaa za Kwaresma, na yeyote ambaye tarehe 20 imemkuta kabatini kuna maharage tu.

Vitu unavyohitaji (zinatoka baga 7 za gramu 110 hivi)

- Maharage mekundu makavu gramu 200, ni kama kikombe kimoja. Ya kopo pia sawa, makopo mawili ya gramu 400
- Uyoga gramu 250, mamama (oista) ni mzuri zaidi
- Kitunguu maji kikubwa 1, kitunguu saumu punje 4
- Karanga au korosho zilizokaangwa gramu 50, zitwange ziwe chengachenga
- Oti gramu 50, zile za uji, au chenga za mkate mkavu
- Unga wa dengu vijiko vya chakula 4
- Nyanya ya kopo vijiko vya chakula 2
- Soya sosi kijiko cha chakula 1 na nusu
- Bizari nyembamba iliyosagwa kijiko cha chai 1, paprika kijiko cha chai 1, pilipili manga nusu kijiko
- Chumvi nusu kijiko cha chai, utaongeza baadaye ukishaonja
- Mafuta ya kupikia, na ya nazi vijiko 2 kama unayo

Wakenya angalieni hapo kwenye dengu, naongelea ile ya rangi ya maziwa inayosagwa unga wa bajia, sio ndengu ya kijani ambayo huku kwetu ni choroko. Na choroko usiiweke badala ya maharage, ikiiva inavurugika yote unabaki na mchuzi mzito. Njugu mawe zinafaa sana, ni ngumu na kavu zenyewe. Kunde zina njia yake, nitaieleza mwishoni. Mbaazi zinakubali ila ladha yake inatawala kila kitu.

Karanga usiziruke, maana maharage hayana mafuta yake na baga isiyo na mafuta inakauka mdomoni. Kama nyumbani kuna mtu karanga zinamdhuru, na korosho pia usimpe, weka mbegu za alizeti.

Hatua ya 1: kuloweka na kuchemsha

Loweka maharage usiku kucha, masaa 8 mpaka 12, maji yawe mengi. Asubuhi mwaga hayo maji, suuza, weka mapya. Yakianza kuchemka acha yatokote kwa nguvu kabisa dakika 10 nzima ndo upunguze moto. Hii sio mbwembwe, maharage mekundu yakiwa mabichi au nusu mabichi yana sumu ya asili inaitwa lektini inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo mdogo hauiondoi. Wale wenye masufuria ya umeme ya kupikia polepole kutwa nzima, chemsheni kwanza jikoni ndo muhamishie huko.

Usiweke magadi! Najua yanaokoa mkaa, ila yanalainisha ganda mpaka harage linapasuka na kunywa maji, na sisi tunataka harage lililoiva kabisa ila bado zima, ukilibonyeza kwa vidole linapondeka kavu. Kwenye presha kuka, yaliyolowekwa yanachukua kama dakika 15 hadi 20 toka ianze kupiga kelele. Maji ya kuchemshia bakiza nusu kikombe pembeni, yanaweza kuhitajika.

Hatua ya 2: kuyakausha (hapa ndo penyewe)

Chuja, acha kwenye chujio dakika 10 huku unalitikisatikisa. Alafu yatandaze kwenye trei, mstari mmoja yasipandane, ingiza oveni nyuzi 170 kwa dakika 15 hivi. Utayaona ganda limepasuka na juu yamekuwa na vumbi jeupe kidogo, toa. Usiyasahau yakawa njugu, yakikauka kupita kiasi baga inakuwa na vijiwe.

Huna oveni? Watu wengi hatuna. Chukua kikaango kikubwa, hamna mafuta, moto mdogo, mwaga maharage geuza taratibu dakika 8 mpaka 10, mvuke utauona unatoka, ukipungua yameshakuwa tayari. Au kama jua lipo yatandaze kwenye ungo na kitambaa chepesi juu cha kuzuia inzi, nusu saa ya jua la saa saba Dar inatosha. Ya kopo ndo yanahitaji hatua hii kuliko yote maana yamekaa kwenye maji miezi na miezi.

Hatua ya 3: uyoga na viungo

Uyoga ukate vipande vidogo kabisa, kama unakatia sambusa. Kikaango kipate moto, weka uyoga na chumvi kidogo, mafuta bado. Utaanza kutoa maji mpaka uanze kujilaumu kwa nini umeuweka, vumilia, acha moto wa kati hayo maji yakauke yote, kama dakika 8. Ukisikia sauti imebadilika kutoka kuchemka kwenda kukaangika, hapo sasa ongeza mafuta vijiko viwili na kitunguu kilichokatwa vidogo. Kaanga mpaka kitunguu kiwe cha kahawia, sio kulainika tu, kile kikahawia ndo kinachukua nafasi ya ladha ya nyama. Weka saumu, bizari, paprika, pilipili manga, koroga nusu dakika tu, alafu nyanya ya kopo, ikaange mpaka iwe nyekundu iliyoiva na kuanza kushika chini. Soya sosi ya mwisho, inakwangua kile kilichoshika. Zima, acha ipoe.

Soya sosi, nyanya iliyokaangwa na uyoga mkavu, hivi vitatu kwa pamoja ndo vinatoa ule utamu mzito wa mchuzi wa nyama, ukitoa kimoja utaona pengo. Royco ya kuku au ya ng'ombe wengine wanaweka, ila soma pakiti kwanza kama unampikia mtu asiyekula nyama kabisa, zingine zina nyama au mafuta ya mnyama ndani.

Na unga wa dengu, ukaushe kwenye kikaango kitupu dakika 2 au 3 mpaka unukie, maana ukiwa mbichi una kauchungu kanakobaki.

Hatua ya 4: kuponda, sio kusaga

Blenda ya juisi iache kabatini. Weka maharage kwenye bakuli pana ponda kwa mchi, au kitako cha kikombe, au uma kama una subira. Theluthi mbili yapondeke vizuri, iliyobaki ibaki vipande unavyoviona kwa macho. Vile vilivyopondeka ndo gundi, vile vizima vinakupa cha kutafuna, ukisaga vyote umepata kitu cha kupaka kwenye mkate na sio baga.

Changanya na uyoga uliopoa, karanga, oti, unga wa dengu. Kama una mafuta ya nazi, yagandishe kwenye friji kwanza, yakwangue kwa kijiko yakiwa magumu uyatie mwisho kabisa. Yanayeyuka kuanzia kama nyuzi 24 kwa hiyo Dar au Mombasa utayakuta maji karibu muda wote, ila yakiingia yakiwa yameganda yanabaki kama madonge madogo ndani na yatayeyukia humo humo wakati wa kukaanga. Watu wa Arusha na Njombe mna bahati mnayachota tu.

Sasa usikimbilie kuhukumu. Acha mchanganyiko ukae dakika 15, oti zinakunywa unyevu uliobaki. Baada ya hapo chota kidogo, fanya kidonge, kibonyeze katikati ya viganja. Kikishika mkononi na kunata, ongeza oti kijiko kimoja kimoja. Kikipasuka pembeni kote, ni kikavu, ongeza yale maji ya maharage uliyobakiza, kijiko kimoja, sio zaidi. Kikipata vinyufa viwili vitatu vidogo tu hapo umepatia.

Kaanga kipande kimoja kidogo uonje chumvi. Watu wengi wanaruka hii, alafu wanakula baga saba zisizo na chumvi. Usionje mbichi, ule unga wa dengu haujaiva.

Hatua ya 5: umbo na kupumzisha

Nyama ikipikwa inasinyaa ndo maana baga ya nyama inatengenezwa pana kuzidi mkate. Hii ya maharage haisinyai, kwa hiyo ifanye iwe sawasawa na mkate wako, unene sentimita moja na nusu hadi mbili. Nene kuzidi hapo ndani haipati moto vizuri. Tandika mfuko wa nailoni safi kwenye mfuniko wa kopo lenye upana unaoutaka, jaza, shindilia, pindua, utapata mviringo mzuri kuliko wa mkono. Zile nyufa za pembeni zizibe kwa kidole kilicholowa maji, baga huanzia kuvunjikia hapo.

Weka friji angalau nusu saa, saa moja ni bora. Kama huna friji, ongeza unga wa dengu kijiko kimoja, tengeneza nyembamba kidogo, zifunike sehemu yenye ubaridi nusu saa na uzipike palepale, usiziache mpaka jioni. Maharage yaliyopikwa yakikaa nje kwenye joto letu zaidi ya masaa mawili yanaanza kuharibika hata kama bado hayajanuka.

Hatua ya 6: moto

Kikaango kizito, mafuta vijiko vitatu, moto wa kati. Mafuta yakipata moto weka baga tatu au nne, zisibanane, alafu uziache. Dakika 4 hadi 5 bila kuzigusa. Usizibonyeze na mwiko kama wale wa kwenye matangazo, hapa hakuna mchuzi wa kukamua unazivunja tu. Zikishafanya ukoko zinaachia zenyewe, ukisukuma na ikagoma kutoka haijawa tayari bado. Geuza mara moja tu, dakika 4 nyingine. Sehemu kubwa ya vilio vya "imevunjika" ni mtu aliyegeuza dakika ya pili.

Kwenye oveni ni nyuzi 200, paka mafuta pande zote, dakika 25 ukigeuza katikati. Zinatoka kavu zaidi, sosi iwe nyingi.

Jiko la mkaa ndo kila mtu anaulizia, kwa sababu ya moshi. Ukiiweka mbichi moja kwa moja kwenye wavu nusu yake itaishia kwenye majivu. Kaanga kwanza mpaka ishike pande zote, ndo uihamishie kwenye wavu uliopakwa mafuta dakika moja moja. Au fanya kama wanavyofukiza biriani: panga baga zilizoiva kwenye sufuria, katikati weka kibakuli kidogo cha chuma, ndani yake kipande cha mkaa uliowaka mpaka ukawa mwekundu wote, dondoshea mafuta kijiko cha chai, utafuka moshi hapo hapo, funika dakika 5. Fungua madirisha. Mimi naona njia hii inashinda paprika za moshi zinazouzwa supamaketi kwa bei ya kuumiza.

Mkate na vinavyoingia ndani

Skonzi za kawaida zinatosha, ila kwa asiyekula vya mnyama kabisa muulize muokaji, nyingi zina maziwa, na ule mng'ao wa juu mara nyingi ni yai. Kata, pasha upande wa ndani kwenye kikaango kikavu mpaka uwe na rangi. Mkate usiopashwa unalowa na sosi na kuachana mkononi.

Kachumbari ni lazima, ila ikamue. Kata nyanya, kitunguu na tango, chumvi, ndimu, acha dakika 10 alafu mwaga maji yote. Parachichi la kuponda linafaa sana hapa maana linaleta ule ulaini ambao watu wanautegemea kwenye chizi. Achari ya embe kidogo. Saladi iwe chini ya baga, sio juu, inazuia mchuzi usishuke kwenye mkate.

Mayonezi bila yai inawezekana na ni rahisi kweli. Chukua maji yaliyochemshia dengu nzima, yachemshe tena mpaka yavutike kama ute wa yai, yapoe kabisa. Vijiko vya chakula 3 vya hayo maji, kijiko cha chakula 1 cha ndimu au siki, kijiko cha chai cha haradali, chumvi kidogo, weka kwenye jagi jembamba. Washa blenda ya mkono, mimina mafuta ya alizeti kama ml 200 taratibu, uzi mwembamba kabisa usiokatika, itaanza kuwa nyeupe na nzito. Ukimimina haraka inabaki mafuta na maji kila kitu kivyake. Saga na saumu au pilipili mbuzi kama unapenda. Mvivu kama mimi anachanganya tomato sosi na ukwaju mzito, maisha yanaendelea.

Njia ya kunde kwa wasio na uyoga

Watu wa pwani hii mnaijua ni bajia tu iliyopanuliwa. Loweka kunde usiku, zisugue maganda yatoke, zisage mbichi bila maji au kwa tone tu, zibaki chengachenga. Weka kitunguu, saumu, pilipili, giligilani na chumvi, tengeneza bapa jembamba la sentimita moja, kaanga kwenye mafuta mengi kiasi, moto wa kati ili ndani iive. Haihitaji oti wala nini, kunde mbichi ikipata moto inajishika yenyewe. Dengu nzima iliyolowekwa inakubali njia hii pia, falafeli za Waarabu ndo zinavyotengenezwa. Maharage mekundu USIJARIBU hivi, rudi juu kasome habari ya lektini.

Soya chanksi, vile vipande vikavu vya soya, nazo zipo, loweka maji moto, kamua mpaka mkono uume, twanga, zitumie badala ya uyoga. Fenesi bichi lina nyuzinyuzi nzuri ila protini yake ni ndogo, liwe la kuongezea tu, na paka mafuta kisu na mikono kabla hujalikata au ule ulimbo utakaa nao siku nzima.

Kuhusu lishe kwa kifupi, gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini gramu 8 au 9 hivi, nyuzinyuzi nyingi, ila vitamini B12 hamna. Anayekula hizi mara moja moja hana cha kuwaza, aliyeacha nyama, mayai na maziwa moja kwa moja atafute B12 kwingine.

Kuhifadhi

Zilizoiva zinakaa friji siku 3 mpaka 4. Mbichi zipange friza na karatasi katikati ya kila moja, zikishakuwa ngumu ndo uzitie kwenye mfuko mmoja, zinakaa hadi miezi 3. Siku ya kula usiziyeyushe kwanza, zikiyeyuka zinatoa yale maji ambayo tumehangaika nayo toka mwanzo, ziweke kwenye kikaango zikiwa jiwe, moto mdogo, funika dakika 3 za mwanzo, alafu funua uongeze moto zipate ukoko.